Wenyeji Waliondoka

Olšinka, 3 Machi 2023

Ndugu yangu Jawaher,

Assalamu alaykum. Nataraji barua hii itakukuta na afya, wewe na mwanao Mutasim na mkewe Raghad na watoto. Mimi nipo. Goti la kulia limekwisha, na masikio yamefunga kabisa tangu Novemba. Daktari alinipa vidude vya kutia masikioni, vikawa vinanipigia mluzi kutwa, nikavirejesha kwenye boksi lao. Basi ukiona sipigi simu tena usidhani nimenuna. Binti yangu Alena huja kutoka Praha mara moja kwa mwezi, tunazungumza kwa kuandikiana kwenye daftari. Mke wangu Zdena katimiza miaka minne tangu afe. Theluji bado imefika dirishani.

Nina jambo la kukuomba. Kitongoji chetu hiki mwakani kinatimiza miaka mia nne na thelathini tangu kitajwe mara ya kwanza katika vitabu vya watawala wa huku, na Bi Jitka, anayeongoza vitongoji vya bonde hili, amenitaka niandike kijitabu cha historia na jiografia yake. Mimi, mtoto wa Unguja. Tumebaki watu kumi na wanne tu hapa, na katika hao mimi ndiye niliyeipima ardhi hii kwa miguu yangu miaka thelathini na moja.

Nimeanza hivi. Olšinka ipo mita mia sita na kumi na mbili juu ya usawa wa bahari, katika bonde jembamba linalofunguka upande wa kaskazini. Kijito chake hukimbilia Ujerumani, kilomita tatu tu. Jina limetokana na mti mmoja wa huku unaopenda kusimama kwenye majimaji. Waliokianzisha walikuwa wapika kioo, walifuata kuni. Kuni zilipokwisha wakawa wafumaji. Mwaka 1930 palikuwa na nyumba thelathini na moja na watu mia moja sitini na wanne. Baada ya vita wenyeji waliondoka, wakaja wengine, na wengi wao hawakukaa. Leo nyumba ni tisa. Yangu ndiyo kongwe kuliko zote. Kuta zake ni za mawe, na juu ya mlango pamechongwa: Josef Lahmer, 1871.

Bi Jitka anataka ukurasa wa mwisho uwe wa mwandishi, kazaliwa wapi na katika nyumba gani. Nimekaa mezani siku mbili. Najua kimo cha kila kilima cha huku, lakini nyumba yetu ya mtaa wa Malindi kule Unguja sijui ilijengwa mwaka gani, wala kama aliyeijenga ni babu au baba yake babu. Wa kuniambia umebaki wewe peke yako.

Nduguyo,
Mahfoudh


Mabela, Maskat, 2 Mei 2023

Kwa kaka yangu Mahfoudh,

Wa alaykum salaam. Barua yako imelala kwenye sanduku la posta Ruwi muda mrefu. Mutasim hendi huko mpaka nimkumbushe, na Ramadhani ilipoingia nami nikasahau kumkumbusha. Eid imepita salama. Watoto wa Mutasim nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiarabu. Sukari yangu ipo juu. Joto limeshaanza, na huku Mabela nyumba zote zimepakwa rangi moja, asubuhi nikitoka kunyoosha miguu hurejea kwa kuhesabu mageti.

Unasema masikio yamefunga. Pole. Yangu mie mazima, na nimesikia mengi.

Jiografia yako nimeisoma. Nimesomesha jiografia miaka ishirini na sita kwenye skuli ya wasichana Ruwi, kwa hivyo kazi nzuri naijua nikiiona. Kilima, kijito, kuni, kila kitu umekiweka mahala pake. Sentensi moja tu ningeitia wino mwekundu. "Baada ya vita wenyeji waliondoka." Mwanafunzi angeniletea hiyo ningemuuliza, waliondoka wakenda wapi? Nani aliwaambia waondoke? Huyo Josef Lahmer alochonga jina lake kwenye jiwe, wajukuu zake walichoshwa na kuta nzuri wakaamua kuhama?

Na sisi, Mahfoudh, tuliondoka? Ndivyo utakavyoandika kwenye huo ukurasa wako wa mwisho?

La nyumba ya Malindi sikujibu. Si kwamba silijui.

Jawaher


Olšinka, 19 Juni 2023

Ndugu yangu Jawaher,

Salamu nyingi. Pole kwa sukari, punguza tende. Huku nyasi zimefika kiunoni, na jirani yangu kaja kunikatia kwa sababu goti haliniruhusu tena. Alena kapandishwa cheo kazini.

Mwalimu, nimesahihisha. Watu wa Olšinka walikuwa wakisema Kijerumani, wao na mababu zao, na hata kitongoji walikiita kwa jina jengine, Erlgrund. Jeshi la Ujerumani lilipoivamia nchi hii wengi wao walilipokea kwa maua. Hilo ni kweli na nimeliandika. Vita vilipokwisha ikaamuliwa wote watolewe, waliotoa maua na wasiotoa, na watoto. Hapa ilichukua asubuhi tatu za Juni 1946. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo hamsini. Waliambiwa waache funguo milangoni, kila ufunguo na kikaratasi chenye nambari ya nyumba. Wakapandishwa malori mpaka stesheni. Nyumba hii ilitoa wanawake wanne, bibi mmoja, mke wa mwanawe aliyefia vitani, na wasichana wawili.

Ikakaa tupu miaka mitatu. Ikaja familia kutoka mashariki, ikavumilia baridi mbili, ikaenda zake. Halafu watu wa misitu wakaifanya ghala. Mimi na Zdena tumeichukua mwaka 1979, paa limeanguka na ndani mna popo. Sikumtoa mtu. Hati zangu zote ni sahihi.

Ulitaka ukweli, basi chukua na huu, maana huku sina wa kumwambia. Tarehe 27 Mei ilisimama gari ya Kijerumani mbele ya geti. Alishuka bibi mmoja na binti yake. Bibi alikuwa na karatasi, kaiandika kwa Kicheki cha kitoto, pengine kwa kamusi: "Mimi ni Irmgard Lahmer. Nina miaka themanini na minne. Nilizaliwa humu." Chini yake aliandika kwamba alipokuwa na miaka sita aliugua homa, wakamfungia chumba cha juu wiki sita, na kazi yake ilikuwa kuchungulia kinu cha maji dirishani. Akilini mwake kinu kiko mbali sana. Alitaka kupanda ghorofani mara moja tu, aone ni mbali kiasi gani.

Nilichukua kalamu nikamwandikia chini ya maneno yake: "Kinu hakipo. Nyumba haitembelewi."

Aliisoma, akampa binti yake naye akasoma. Walisimama pale getini kidogo wakitazama juu, kisha wakaondoka.

Sijui kwa nini nilifanya vile. Nilijiambia, akishaingia atataka na kitu kingine.

Bado nangoja jibu la nyumba ya Malindi.

Mahfoudh


Mabela, 30 Agosti 2023

Mahfoudh,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Raghad kajifungua mtoto wa kike, wamemwita Taghreed, ana nywele nyingi. Hayo ndo mema niliyonayo.

Nna jambo ambalo hata Mutasim sijamwambia. Mwaka 2009 nilikwenda Unguja kwenye harusi. Siku ya tatu niliwaambia nakwenda dukani, nikenda Malindi. Nikasimama mbele ya nyumba yetu kama mwizi anayeipeleleza. Kwenye baraza mwanamke anakanda unga. Akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nilizaliwa humu. Alikwenda kunawa mikono, akatoa kiti, akakifuta kwa kanga yake, akasema, "Kaa kwanza upumue, halafu nikupitishe." Jina lake Ruqaya. Wanakaa familia nne mle sasa. Alinipitisha chumba baada ya chumba, kila mlango anabisha yeye kwanza, anawaambia watu, huyu ni mtoto wa nyumba. Kwenye chumba cha Baba palikuwa na mtoto mgonjwa kalala. Tulichungulia tu, akauvuta mlango taratibu.

Nilirudi hotelini nikalia kwa ghadhabu. Miaka arubaini na mitano nimemchukia mtu anayekaa nyumba yetu, na siku niliyomkuta kanipa kiti.

Na wewe, ambaye mama yako na dada yako walitoka na mabegi mawili, bibi wa miaka themanini na minne kaja kukuomba dirisha, umemwandikia nyumba haitembelewi.

Lakini nisijifanye nashangaa. Kuandika karatasi unajua toka zamani.

Nilisema sitakutajia hili mpaka kufa. Nakutajia. Mwaka ule wa sitini na nne Baba yuko jela, mie nna miaka kumi na moja, nachukua chakula na Mama tunaacha getini. Mwezi wa nne waliwakusanya wafungwa uani wakawasomea karatasi iliyotoka Praha. "Mimi Mahfoudh, namkana baba yangu, ni adui wa watu, alichokipata kakistahili." Na sahihi yako chini, ile yenye mkia ulioanza kuutia ulipokuwa skuli ya sekondari. Baba aliomba asomewe tena. Alosimama ubavuni mwake ndo kanihadithia, nimeshakuwa mtu mzima.

Alipotolewa mwaka wa pili, siku ya mwanzo tuko kwenye kula, Mama akasema lazima tumwandikie Mahfoudh kuwa umerudi. Baba akaweka tonge sahanini. Akasema, "Hakuna haja. Yake nimeshaipata." Jina lako sikulisikia tena kinywani mwake mpaka anakufa.

Sasa unanitaka nikupe tarehe ya nyumba ukaitie kwenye kitabu cha Wacheki.

Jawaher


Olšinka, 26 Novemba 2023

Ndugu yangu Jawaher,

Assalamu alaykum. Hongera kwa Taghreed, Mungu amkuze. Barua yako niliipata katikati ya Septemba. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Majani yameanguka yote na theluji ya kwanza imekwishapiga.

Ni kweli. Niliandika mimi. Mtu mmoja alikuja kutoka nyumbani, akatuita kwenye ukumbi wa bweni. Tulikuwa wanafunzi kumi na watatu. Karatasi zilikuwa zimechapwa tayari, zimeacha nafasi ya jina na sahihi tu. Alituambia asiyetia sahihi atapandishwa ndege Jumatano. Kumi na mmoja tulitia. Wawili hawakutia, na Jumatano ilipofika hawakuwepo tena, na sijawahi kujua yaliyowapata. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilijiambia karatasi ni karatasi, Baba atajua. Sikujua wangemsomea. Hilo nakuapia. Wala sikuuliza itakwenda wapi, na hilo nalo ni kweli.

Zdena nilimwambia kwamba nyumbani hawanitaki kwa sababu nimeoa mtu wa huku. Amekufa akiamini hivyo.

Mama hakuniandikia hata mstari mmoja tangu siku ile. Nilimwandikia kutoka mji wa Brno, kutoka hapa, kwa anwani ya Unguja, halafu kwa anwani yako ya Ruwi. Sikujibiwa. Ilipokuja simu yako ya maandishi mwaka 1988 kwamba amekufa, nilisema basi, kafa na hasira zake, ana haki. Sikuja mazishini kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya kazi kama nilivyokuandikia.

Kuhusu bibi wa Kijerumani. Baada ya barua yako nilimwomba Alena amtafute. Nilimwandikia kwa mkono wangu, nikamwomba radhi, nikamwambia chumba cha juu nimekisafisha, aje wakati wowote, nitampeleka mwenyewe mpaka pale kinu kilipokuwa. Nilimpimia: ni mita mia moja na arobaini. Amenijibu wiki iliyopita. Nakutafsiria yote, si marefu: "Bwana mpendwa, nashukuru. Sitakuja tena. Nilikuja mara moja, nikaona watu wa nyumba ile walivyo. Heri usingeniambia umbali wa kinu, ningependa ubaki vile nilivyoujua."

Mahfoudh


Mabela, 12 Januari 2024

Kwa kaka yangu Mahfoudh,

Assalamu alaykum. Leo imetimia miaka sitini. Hakuna aliyeikumbuka nyumbani. Mutasim kaja kula mchana wa Ijumaa kama kawaida, watoto wakafanya fujo, wakaondoka. Nimebaki na Dativa, msichana wa Bukoba anayenisaidia kazi. Naye kanitazama akaniuliza, "Bibi, una nini leo?" Nikamwambia magoti.

Andika kwenye kitabu chako: nyumba ya Malindi aliijenga baba yake babu, akiitwa Suud, mwaka 1902, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mlango ulikuja baadaye. Hapo nimekujibu, sina deni la hilo.

Sasa hili jengine. Umeandika Mama hakukutumia hata mstari. Nimeisoma pale nikaikunja barua. Ningeweza kukuacha ukaamini hivyo mpaka ufe, na nilishakuacha miaka mingi.

Mama alikuandikia mara nne. Msahafu alisoma, kuandika hakujua, kwa hivyo alisema yeye nikaandika mie. Mwaka wa sabini na nne, sabini na saba, themanini na tatu, themanini na saba. Tunakaa Ruwi, fleti ya vyumba viwili, yeye juu ya zulia, mie mezani. Kila neno nililiandika kama alivyolisema. Namsomea, anaitikia kwa kichwa, anaibusu bahasha, ananipa. Natoka nayo. Siitii posta.

Alikuwa akiniuliza, "Kajibu?" Namwambia bado. Baada ya mwaka hivi anaacha kuuliza. Na zako zilipokuja sikumwonyesha.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na moja nilipoanza. Nimefunga mabegi peke yangu, nimemzika Baba bila ya kaka, nimemvusha Mama bahari, nimeacha mchumba Unguja kwa sababu hakuruhusiwa kutoka. Na kila usiku anayetajwa ni Mahfoudh. Mahfoudh kala? Mahfoudh ana nguo za baridi? Nikaona, mtu aliyemtia Baba kisu hawezi kupata na msamaha kwa posta ya ndege. Nilijiona natenda haki. Mwisho nikawa naogopa tu.

Tatu nimezichana. Ya nne ninayo, naitia humu ndani. Mwandiko wangu, maneno yake. Utaona mwenyewe, lakini nakuandikia na hapa, isije ikapotea njiani:

"Mwanangu Mahfoudh. Karatasi ile nilisikia. Ulikuwa mtoto na uko kwa watu. Baba yako alikasirika sana, jina lako alikuwa halitaji mbele yetu. Lakini alfajiri akidhani nimelala nilikuwa namsikia anakuombea, anakutaja kwa jina lako na la kwake. Mimi sina kitu moyoni. Njoo nikuone. Ukiwa na mke mlete."

Hilo la Baba mie nalijua tangu barua yake ya kwanza ya mwaka 1974. Kwenye barua ya Agosti nimelificha makusudi, nilitaka likukate.

Jawaher


Olšinka, 5 Februari 2024

Jawaher,

Barua imefika, na ya Mama ndani yake.

Sina salamu za kukupa leo. Miaka sitini nimetembea nikijua mimi ndiye mkosaji peke yangu katika nyumba yetu, na nilikuwa nimeshauzoea mzigo huo. Mwaka 1987 nilikuwa na paspoti, nilikuwa na likizo, na Zdena alikuwa ananisukuma nije. Mama alikuwa hai. Ningekuja, Jawaher. Kwa mstari mmoja tu ningekuja.

Sijakusamehe, na sikuombi unisamehe. Alena amenikatia tiketi. Nafika Maskat Jumapili tarehe 18, naondoka 27. Barua hii nitaitangulia, kwa hiyo Alena atampigia Mutasim. Siji kutembezwa. Nionyeshe kaburi la Mama.

Mahfoudh


Mabela, 20 Machi 2024

Kaka yangu Mahfoudh,

Assalamu alaykum, na Ramadhani karim. Mutasim kaniambia umefika salama na goti limevimba kwa ndege. Watoto wanauliza babu wa daftari anarudi lini. Taghreed kaota jino. Chumba ulicholala sijabadilisha shuka, Dativa anataka kuzifua, namwambia angoje.

Siku tisa zile tulimaliza madaftari matatu. Nimeyasoma tena yote. Mambo mengi humo yananitia haya, na mengi bado nayasimamia. Ulipoandika "Umemla Mama peke yako" nilitaka kukutoa nyumbani saa ile ile. Kisha nikakuona unajaribu kuinuka kwenye kochi bila ya kutaka nikushike mkono, nikaenda jikoni.

Lakini sikuandikii kwa hayo. Nimefunga, na mdomo wenye saumu hauwezi kubeba uongo wa aina hii.

Siku ya Alkhamisi tuliyokwenda makaburini, Mutasim alibaki ndani ya gari, tukaingia mimi na wewe. Unajua huku hatuandiki majina. Mwanamme mawe mawili, mwanamke mawe matatu, basi. Mama alipokufa wanawake hatukwenda kuzika, alikwenda mume wangu Khattab na wenzake. Alirudi akaniambia, safu ya tatu kutoka ukutani, kaburi la tano ukitokea getini. Nikalishika hilo. Nilikwenda mara mbili tu, miaka ya tisini, nikalikuta. Kisha Khattab naye akafa, na miaka ikapita bila ya mie kwenda.

Tulipoingia na wewe nikaona ukuta si ule. Barabara ilipopanuliwa waliuvunja wakaujenga ndani zaidi, na geti wamelihamishia upande wa pili. Sikujua safu ya tatu ni ya kutokea wapi. Makaburi yamekuwa mengi na mawe ni yale yale. Nilitaka kukwambia. Nikakuona umeshavua kofia, uso wako wote unaningoja nikuonyeshe. Nikanyoosha kidole.

Ukapiga magoti na goti lako lile, ukakaa nusu saa. Mie nimesimama nyuma yako najua nimekuweka mbele ya mtu nisiyemjua.

Basi. Kwa mara ya pili nimekunyima mama yako. Sasa unajua.

Jawaher


Olšinka, 17 Aprili 2024

Ndugu yangu Jawaher,

Assalamu alaykum, na Eid njema iliyopita. Goti limepungua uvimbe. Theluji imeyeyuka na kijito kimejaa. Kitabu kimekwenda kwa mchapaji. Mahali palipoandikwa waliondoka pameandikwa walitolewa, na majina ya wote mia moja na kumi na wanane waliotolewa nimeyatia, pamoja na umri. Baadhi ya majirani wamenuna, mmoja haniamkii. Bi Jitka alitaka orodha ipunguzwe, nikamwambia basi atafute mwandishi mwingine, akaiacha.

Kuhusu kaburi. Nilijua, Jawaher.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kwenda na watu shambani wanionyeshe mpaka wa zamani ulipokuwa. Anayejua hutembea moja kwa moja. Asiyejua hutazama ukuta, huhesabu, hurudi nyuma hatua mbili, huhesabu tena, kisha hunyoosha mkono haraka. Ulifanya vivyo hivyo.

Ningeweza kutoa daftari nikakuuliza. Nilikuwa nalo mfukoni. Lakini nilikuwa nimesafiri nusu ya dunia na nina miaka sabini na tisa, nikaona nikikuuliza utasema hujui, na sote wawili tutasimama pale juani bila ya pa kutazama.

Mawe yalikuwa matatu, kwa hiyo nilijua ni mwanamke. Nilimwambia nimechelewa. Nilimwambia habari ya karatasi, na ya Zdena, na ya wewe. Nikasoma Fatiha. Yeyote yule alinisikiliza mpaka nikamaliza.

Bado nina hasira na wewe. Niandikie.

Kakako,
Mahfoudh